Mji wa Tabaka Moja

Mjomba wangu alikuwa fundi wa kuandika ukutani. Siku hizi ukisema fulani anaandika ukutani, watu wanashika mikoba yao, kwa hiyo nieleze. Ule mlango wa kinyozi wenye kichwa cha kijana aliyenyolewa vizuri kuliko kinyozi mwenyewe anavyoweza kunyoa, ni mkono wake. Ukuta wa shule ya chekechea, wenye twiga na sungura waliovaa sare na soksi zilizopanda sawasawa, ni wake. Lori lililoandikwa nyuma "Subiri Zamu Yako" ni lake pia, yaani maandishi, maana lori lenyewe ni la shemeji yake. Walijuana kwa sababu ya kopo la rangi lililomwagika kwenye kiti cha dereva. Dada wa dereva akaitwa kuja kushona kitambaa kipya cha kiti, na ndivyo nilivyopata mkazamjomba.

Kisha mtaani ikaja mashine ya kuchapa mabango. Unaagiza asubuhi, mchana unalo, jekundu mpaka macho yanauma, na uso wako mwenyewe uko juu yake, unatabasamu na simu sikioni kama mtu aliyepigiwa na serikali. Mjomba aliyacheka yale mabango. Alisema jua litayapausha kabla mwaka haujageuka. Jua likayapausha kweli. Watu wakachapisha mengine. Hapo ndipo alipoacha kucheka, na tangu hapo sijamsikia tena na kile kicheko chake cha tumbo, cha kumfanya mtu ashike ukuta.

Akaanza kushinda nyumbani. Mwanamume wa kushinda nyumbani ni kama kabati lililowekwa katikati ya sebule: hakuna anayelichukia, lakini kila mtu anajigonga. Alikaa kwenye stuli kando ya cherehani ya mkazamjomba, akimwonyesha mishono iliyopinda. Mkazamjomba anashona sare za shule na ana subira ndefu, lakini hata ndefu ina mahali inapokatikia. Siku moja akamwambia, bila kuinua macho kwenye sindano, "Baba watoto, ukinisaidia tena kidogo, nafunga kazi."

Ndipo akaja Mkurugenzi. Cheo alijipa mwenyewe. Alikuwa kijana mwenye ndevu ambazo za kushoto na za kulia zilikuwa hazijakubaliana kukutana. Kampuni yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro: meza tatu, feni moja, na binti mmoja mwandishi wa programu waliyemwita Injinia. Walikuwa wanatengeneza gemu ya simu. Kijana amepotelewa na mbuzi wake mjini, anamtafuta nyumba kwa nyumba. Mbuzi walikuwa naye. Kijana walikuwa naye. Mji ndio hawakuwa nao. Mkurugenzi alikuwa amewaona sungura wa chekechea, akauliza nani kawachora, akaelekezwa mpaka kwenye stuli.

Makubaliano yalikuwa mepesi. Mjomba achore vigae, yaani vipande vidogo vya mraba, hiki cha nyasi, hiki cha barabara, hiki cha ukuta, halafu avipange kwenye kompyuta kama fundi anavyopanga vigae vya sakafu, mpaka viwe mji. Mvua zikiisha, watakuja wageni kuiangalia gemu, watu wenye uwezo wa kuitoa duniani. Mji ukisimama mbele ya wageni, Mjomba anaajiriwa moja kwa moja na ile meza ya tatu inakuwa yake. Usiposimama, wanaagana kwa heri. Mkurugenzi aliyasema hayo kwa upole, na Mjomba akayakubali kwa upole.

Nyumbani hakutaja gemu wala mbuzi. Alisema, "Nina meza." Mtu amepanda ngazi za kuegemeza maisha yake yote, amechora akining'inia, amekula chakula cha mchana amechuchumaa chini ya ukuta wa watu wengine. Meza haikuwa jambo dogo. Mkazamjomba akamshonea shati jipya lenye mfuko wa kalamu, ingawa kazi yenyewe haikuwa na kalamu.

Ukweli usemwe, mkono wake ulijifunza upesi. Mwanzoni alikishika kipanya cha kompyuta kama brashi, kwa ncha za vidole, na jioni alikifuta kwa kitambaa kabla ya kuondoka, utafikiri kitakaukiwa na rangi. Injinia aliona, hakucheka. Na vigae vyenyewe vilikuwa vizuri mpaka vinakera. Nyasi zake zililala upande mmoja kama zimepitiwa na upepo muda si mrefu. Mabati yake yalikuwa na kutu pale kutu inapoanzia kweli, kwenye misumari. Ungeweza kukaa unaangalia ukuta wake wa matofali ukasahau ulichokuja kufanya.

Tatizo halikuwa kuchora. Lilikuwa kupanga.

Siku ya kwanza kabisa Injinia alikuwa amevuta kiti akamweleza habari za matabaka. Alimwambia ramani ya gemu haitandikwi mara moja, ni kama nailoni angavu kadhaa zilizolazwa moja juu ya nyingine. Ya chini ni tabaka la ardhi: nyasi, njia, sakafu. Juu yake ni tabaka la vitu: kuta, mashina ya miti, viti, meza, na kijana wa mbuzi anatembea hapo hapo kati yao. Juu ya kijana kuna tabaka la vinavyomfunika: matawi na mapaa. La mwisho ni la vizuizi. Hilo mpangaji analiona wakati wa kazi, lakini gemu ikianza kuchezwa halionekani, kazi yake ni kumzuia kijana tu, kwamba hapa hapapitiki. Kila kitu na tabaka lake, akasema, na kabla hujaweka kigae hakikisha umebofya jina la tabaka unalolitaka, pale pembeni mwa kioo.

Mjomba akatikisa kichwa. Nakijua kile kichwa. Kinaweza kutikisika kwa kuelewa, na kinaweza kutikisika ili anayesema afike mwisho. Moyoni alikuwa anashangaa mtoto wa juzi kumfundisha yeye mambo ya tabaka. Maisha yake yote amepaka rangi juu ya rangi. Unapaka ukuta mweupe, ukikauka unaandika herufi nyekundu, na ule weupe hauendi popote, uko chini. Kwaruza herufi kwa ukucha, utaukuta umelala palepale ulipouacha. Kwa hiyo akachukua tabaka lililokuwa limefunguliwa, lile moja, akapanga juu yake kila kitu. Nyasi kwanza, zikajaa kioo kizima. Miti juu ya nyasi. Nyumba juu ya uwanja. Viti juu ya sakafu. Alikuwa na hakika nyasi ziko chini ya miti, kwa sababu alikuwa ameziweka kwa mkono wake.

Kompyuta haina ukuta wa kukwaruza. Kwenye tabaka moja, kila mraba unabeba kigae kimoja basi. Ukileta mti, nyasi zinafutika kana kwamba hazikuwahi kuota.

Dalili aliiona mapema. Mti wake wa kwanza ulitokea na weusi kwenye pembe zote nne, kwa sababu mti ni wa duara na kigae ni cha mraba, na nyuma ya pembe hakukuwa na kitu tena. Mtu mwingine angeuliza. Mjomba aliona ni uchoraji wake umepungukiwa. Akarudi kwenye kigae cha mti akachora nyasi kwenye pembe zake, jani kwa jani, mpaka zikaungana na nyasi za jirani usione mshono. Basi akawa ameponya ugonjwa kwa kuuvalisha shati. Akachora mti wenye nyasi zake, mti wenye mchanga wake, mti wa kando ya lami wenye kipande chake cha lami. Kiti cha barazani kikawa na sakafu yake. Jioni akamwambia mkazamjomba, kwa majivuno ya chinichini, "Mti wangu unatembea na nyasi zake." Mkazamjomba akauliza mti unatembeaje, akaambiwa hawezi kuelewa mambo ya ofisi.

Mnaweza kuuliza kwa nini hakuna aliyegundua. Kila mtu aliutazama ule mji kama picha, na kama picha ulikuwa hauna kasoro. Injinia alikuwa amezama na mbuzi, maana mbuzi yule kwa miezi alikataa kugeuka kushoto. Mkurugenzi naye aliupiga picha mji mzima, akaupachika kwenye simu yake, akawatumia wageni kabla hawajauomba. Kulikuwa na mitaa, bustani, karakana, kinyozi. Katikati kulikuwa na soko, vibanda vimebanana, miavuli, magunia. Mjomba alikuwa amelitengeneza soko mwishoni na kwa raha zaidi. Mwanamke mmoja pale sokoni alikuwa ameinamia cherehani. Sikuambiwa ni nani, na sikuuliza.

Kisha mbuzi akakubali kugeuka kushoto, na mchana mmoja Injinia akamwingiza kijana wa gemu ndani ya mji kwa mara ya kwanza. Mjomba akavuta kiti chake akakaa kama mzazi kwenye mahafali.

Kijana akaanza kutembea. Akapita juu ya nyasi vizuri. Akaufikia mti, badala ya kupita nyuma yake akaupanda, akasimama juu ya matawi kama kuku wa jioni. Akaendelea. Akaingia nyumbani kwa kukanyaga paa, akatembea juu ya mabati toka pembe hii mpaka ile, akashuka upande wa pili. Akapita katikati ya ukuta wa kinyozi kana kwamba ukuta ni uvumi.

Mkurugenzi akacheka, akidhani ni utani wa Injinia. Injinia hakucheka. Alikuwa anatazama pembeni mwa kioo, kwenye majina ya matabaka.

"Fundi," akasema, "matabaka mengine yako wapi?"

"Yapo."

"Yapo wapi?"

"Chini. Chini ya miti kuna nyasi. Niliziweka."

Injinia akasogeza kipanya taratibu, kama mtu anayefunua shuka la mgonjwa, akaufuta mti mmoja. Palipokuwa na mti pakabaki mraba mweusi. Hapakuwa na nyasi, hapakuwa na udongo. Weusi tu.

Mjomba akaomba kipanya. Akafuta mti wa pili, akakuta mraba mweusi. Akafuta kisima. Akafuta kiti cha barazani, kile alichokichorea vumbi miguuni, na chini yake sakafu haikuwepo. Akaendelea hivyo mtaa baada ya mtaa, anafuta na kutazama, anafuta na kutazama, kama mtu anayeinua magodoro akitafuta kitu ambacho anajua alikiweka hapo. Feni ilikuwa inazunguka. Mkurugenzi alikuwa ameshaacha kucheka. Mji ulikuwa umetoboka kila mahali, na bado mikono haikumtulia.

"Niliziweka mwenyewe," akasema.

"Najua uliziweka, Fundi," Injinia akajibu. "Ila kila ulipoweka kingine, kile cha kwanza kiliondoka."

Siku hiyo alirudi nyumbani akasema kichwa kinamuuma. Mkazamjomba akamwekea chakula, kikapoa.

Injinia hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linalouma, ningefurahi awe mbaya. Kesho yake alikuja na shauri. Miti na viti vyote itabidi visafishwe, vitolewe nyasi na sakafu zilizobandikwa. Halafu kila mti ukatwe vipande viwili, shina likae tabaka la vitu na matawi yaende tabaka la juu, ili kijana akipita nyuma yake afunikwe kidogo kama mtu wa kweli. Kuufanya mji mzima hivyo kabla ya wageni hakuwezekani. Lakini mtaa mmoja unawezekana. Mtaa mmoja, nyumba chache, bustani. Mbuzi tumfiche kwenye bustani, wageni waone jinsi kazi itakavyokuwa, mengine yatafuata.

Mkurugenzi alikuna ndevu. Picha ya mji mzima ilikuwa tayari kwa wageni. Hata hivyo hakulazimisha, akamgeukia Mjomba akamuuliza, "Mzee, unasemaje? Mtaa mmoja, au unauweza mji?"

Hapo Mjomba alikuwa na mlango umefunguliwa mbele yake, upana wa kupitisha lori la shemeji. Akatazama ile meza. Akasema, "Mji hauwi mtaa mmoja. Nauweza."

Akafanya kazi ambayo sijawahi kuona mtu akifanya. Aling'oa nyasi kwenye miti, jani kwa jani, zilezile alizozichora kwa fahari. Alikwangua sakafu kwenye miguu ya viti. Shati la mfuko wa kalamu likamlegea mabegani. Chakula cha mchana alichomfungia mkazamjomba kikarudi jioni kikiwa bado kimefungwa. Mara mbili alipanga mtaa mzima akagundua alisahau kubadilisha tabaka, mapaa yote yako ardhini na njia zote ziko hewani, akafuta, akaanza upya. Injinia akamwambia, kila ukimaliza kipande bonyeza hapa, mtembeze kijana, uone kwa macho ya mchezaji. Usiamini unachokiona ukiwa unapanga, maana ukiwa unapanga unaona hata yale ambayo mchezaji haonyeshwi. Safari hii alisikiliza kweli. Alimtembeza kijana mtaa kwa mtaa. Kijana akapita nyuma ya mti, bega likapotea kwenye matawi, likatokea upande wa pili. Mjomba akarudia, na kurudia, kwenda na kurudi nyuma ya mti mmoja, mpaka Injinia akamuuliza kama kijana amepoteza mbuzi au akili.

Usidhani nalisimulia hili ili kukupa moyo.

Asubuhi ya wageni mji wote ulikuwa tayari isipokuwa soko. Mjomba aliwahi kabla duka la magodoro halijafunguliwa. Kwanza alimalizia vizuizi kwenye nyumba za mwisho, akabofya tabaka la vizuizi, akaweka alama pale kuta zilipo ili kijana asipenye. Akamaliza. Likabaki soko. Vigae vya soko vilikuwa bado vile vya zamani, kibanda na udongo wake, gunia na udongo wake, na muda wa kuvisafisha haukuwepo. Akaona haidhuru, avitumie vivyo hivyo, ardhi vinayo tayari, hana haja ya kuvitandikia nyingine chini. Akapanga vibanda. Akapanga miavuli. Akampanga mwanamke wa cherehani. Alipanga haraka na vizuri, kwa kichwa, bila kutazama pembeni mwa kioo. Na pembeni mwa kioo jina lililobofywa lilikuwa lilelile la mwanzo. Tabaka la vizuizi.

Kwenye kioo chake soko lilionekana lote. Lilikuwa zuri. Injinia akamuuliza kama amemtembeza kijana sokoni. Viatu vya wageni vilikuwa vinasikika kwenye ngazi. Mjomba akajibu, "Nimeshaona. Kila kitu kipo."

Mgeni aliyeshika simu alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba, asiye na haraka. Wenzake walisimama nyuma yake. Mjomba alisimama nyuma ya wote, mikono mgongoni, shati limenyooshwa. Mama akamtembeza kijana mtaa wa kwanza, akapita nyuma ya mti, akaguna kwa kuridhika. Akamwingiza nyumbani, paa likafifia likaondoka, sebule ikaonekana na viti vyake, na chini ya viti sakafu.

"Hii nimeipenda," akasema. "Nani kachora kutu hii?"

Mkurugenzi akamwonyesha Mjomba kwa kidevu. Mama akageuka, akampa mkono kabisa. Nasikia Mjomba aliupokea kwa mikono miwili. Muda huo, kwa hesabu yoyote ya kibinadamu, meza ilikuwa yake.

Kisha mama akasema, twende sokoni, ile picha mliyonitumia ilikuwa na soko zuri sana.

Kijana akakata kona. Mbele yake, katikati ya mji, palikuwa na shimo jeusi kubwa la mraba. Hapakuwa na kibanda, wala mwavuli, wala gunia, wala mtu. Mama akadhani simu imekwama. Akamsukuma kijana mbele, kijana akagonga kitu ambacho hakipo, akasimama. Akamsukuma kushoto, akagonga tena. Kwa namna fulani akapenya kwenye uchochoro usioonekana, akawa anatembea gizani, anagonga hewa, anageuka, anagonga hewa. Katikati ya weusi huo alisimama mbuzi, pale Injinia alipomficha, amezungukwa na vibanda visivyoonekana, anageuka kushoto vizuri kabisa.

Injinia alielewa kabla ya wote. Akafungua kompyuta akasema ni tabaka tu limekosewa, anaweza kulihamisha sasa hivi, wampe nafasi kidogo. Mama akamwambia aache, ameona vya kutosha, na alisema bila ukali. Akavua miwani.

"Picha nazitaka," akasema. "Gemu hii haiwezi kuwa na mji mmoja, nataka miji mingi. Nani aliyepanga?"

Binti angeweza kunyamaza. Mkurugenzi angeweza kusema "sisi sote". Mjomba hakuwapa nafasi hiyo.

"Ni mimi," akasema.

"Basi baba yangu, wewe chora," yule mama akamwambia. "Kupanga aachiwe mwingine." Akamgeukia Mkurugenzi, wakaanza kuzungumza mambo mengine.

Kusikia hivyo ungefikiri amepona, ameambiwa achore. Lakini vigae vilikuwa vimeshachorwa. Mji mzima ulikuwa umeshachorwa, kutu na misumari, na miji mingine ingepangwa kwa vigae vilevile, kwa kubadilisha rangi za mapaa. Mkurugenzi alimweleza hayo kesho yake, akiitazama feni. Alisema kampuni bado changa. Alisema meza ya tatu ataikalia mpangaji, rafiki wa Injinia, aliyesomea. Akasema, "Tukihitaji kitu, mzee, tutakupigia. Hilo nakuahidi." Mjomba akashukuru. Kabla ya kutoka alikifuta kipanya.

Nyumbani mkazamjomba alikuwa anashona mfuko wa sare. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha cherehani. Akauliza walichokichukua.

"Miti. Nyumba. Vyote."

"Na wewe?"

"Mimi wamesema watanipigia."

Cherehani ikasimama. Mkazamjomba ana ulimi, mwenye lori anamwogopa mpaka leo, na sote tuliokuwa hapo tulingoja. Akakata uzi kwa meno, akaanza mfuko mwingine.

Tangu hapo Mjomba akawa mtu wa simu. Aliichaji hata ikiwa imejaa. Akienda kuoga anaiweka dirishani, mlio umeongezwa mpaka mwisho, na simu ikilia kwa jirani yeye ndiye anayesimama. Jamaa mmoja akaja kumwomba amwandikie jina la duka, kazi ya ukutani, kazi yake mwenyewe. Akamwambia hawezi kuahidi, kuna ofisi inaweza kumwita wakati wowote. Mkazamjomba akayasikia hayo kutoka chumba cha pili, akatoka akamfuata yule jamaa nje, lakini alikuwa ameshaondoka, na bango la plastiki alilichapisha siku hiyohiyo.

Gemu haikuwa imetoka bado. Mvua zilikuwa zimerudi.

Simu ililia mchana mmoja, watu wote wapo. Mjomba akaichukua kwa mikono miwili, akatazama jina, akasimama wima. Alikuwa Injinia. Tulisikia upande wa Mjomba tu. Alisema hajambo, watoto hawajambo. Akasikiliza. Kisha akaanza kueleza, na sauti yake ikawa ile ya zamani, ya juu ya ngazi. Kona ya paa. Ile ya kushoto, siyo ya kulia, zinafanana lakini ya kushoto ina msumari mmoja na kutu inashukia ndani. Ukiweka ya kulia upande wa kushoto, bati litaonekana limegeuzwa. Akachora hewani kwa kidole, akasahau kwamba wa upande wa pili hamwoni. Akaeleza ni ya safu gani kwenye picha, akaeleza na bati linalofuata, ambalo nadhani hakuulizwa. Akasema kama wanataka anaweza kufika, hata sasa hivi, hayuko mbali, hana shughuli. Akasikiliza. Akasema sawa. Akasema sawa, mwanangu, kazi njema.

Akabaki ameishika sikioni kitambo baada ya kukatwa.

Mkazamjomba akamuuliza wamesemaje.

"Walikuwa wanatafuta kona ya paa," Mjomba akasema. "Ya kushoto."

"Halafu?"

"Wameipata."